Anamaliza uji wote, mbona uzito haupandi?

Maswali haya nayasikia kliniki kila siku ya kupima uzito, mama akiwa hajamaliza hata kumfungua mtoto khanga mgongoni.

Dada nesi, binti yangu ana miezi 7, uzito kilo 6. Uji anakunywa mara tatu kwa siku na habakizi. Shida iko wapi?

Kwanza nionyeshe uji wenyewe. Mara nyingi mama anatoa chupa kwenye mkoba, na uji uliomo ni mwepesi kiasi cha kupita kwenye chuchu ya chupa bila kukwama. Basi shida ni hiyo.

Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Huyu wa kilo 6 anashiba kwa mililita 180, chini ya kikombe cha chai. Uji mwepesi wa kiasi hicho mara nyingi una kijiko kimoja tu cha mezani cha unga, yaani kama gramu 10, ambazo hazizidi kalori 35 au 40. Mara tatu kwa siku hazizidi 120. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji karibu kalori 200 kutoka kwenye chakula, na aliyebaki nyuma anahitaji zaidi. Wastani wa mtoto wa kike wa miezi 7 ni kilo 7.6, kwa hiyo binti yako ana safari. Hukudanganya uliposema habakizi. Ameshiba maji.

Pika uji mzito. Uchote kwa kijiko, kisha kiinamishe: ukichuruzika, ongeza unga, uking'ang'ania na kudondoka taratibu, umefika. Mlishe kwa kikombe na kijiko, chupa iache, maana ni ngumu kuisafisha na inaleta kuhara. Kisha tia kijiko kidogo cha mafuta ya kula. Hicho peke yake kinaongeza kalori kama 40 na tumbo halijai zaidi. Pwani mna tui zito la nazi. Mbeya na Kilimanjaro maparachichi yanaanguka uani. Kilichopo nyumbani kitumie.

Nikiupika mzito anautema.

Mtoto anayeanza kula hukisukuma kijiko nje kwa ulimi, haina maana amekataa. Anza na vijiko viwili au vitatu, umtazame usoni, uongee naye, usimbane pua wala kumlaza chali. Akikataa leo, kesho mpe tena.

Lakini kuna njia ambayo bibi zetu wanaijua na wataalamu wa lishe wamekuwa wakiihimiza hapa Tanzania tangu miaka ya 1980: kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi uchipue, uanike ukauke kabisa, upukuse vimizizi, usage. Ukishapika uji mzito, uepue, upoe kidogo, kisha tia kijiko kidogo cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji uliokuwa umesimama kama ugali mlaini unalegea wenyewe, bila kuongezwa tone la maji. Urudishe jikoni uchemke tena dakika chache ili kuua vijidudu. Unga ni ule ule, ila sasa unamezeka.

Nimenunua unga wa lishe wenye nafaka kumi. Si ndio bora?

Hapana, na hili linaniuma kwa sababu kina mama wanatumia hela nyingi hapo. Mahindi, mchele, mtama, ngano na ulezi vyote ni wanga. Kuvirundika pamoja hakumpi mtoto kitu kipya. Nafaka moja inatosha, pamoja na jamii ya kunde. Karanga na soya zikisagwa na kukaa wiki nyingi huchacha mafuta, na zikiwa na ukungu zinaleta sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Chagua karanga nzima nzuri, tupa zilizosinyaa au zenye ukungu, kaanga, twanga kidogo kidogo.

Kinachokosekana zaidi kwenye uji ni madini ya chuma. Akiba aliyozaliwa nayo mtoto inakwisha karibu na miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Mpe maini yaliyopondwa mara moja moja, nyama iliyokatwa katwa, yai lililoiva, dagaa waliooshwa mchanga wakakaushwa na kutwangwa. Mchuzi peke yake hautoshi, mpe nyama yenyewe. Chai usimpe, inazuia chuma kuingia mwilini. Asali subiri hadi atimize mwaka.

Na awe na bakuli lake. Akila sinia moja na kaka zake, hujui amekula matonge mangapi.

Wangu ana miezi 4, haongezeki. Mama mkwe anataka nimwanzishie uji.

Mweleze mama kwa heshima kwamba uji utachukua nafasi ya maziwa, na maziwa ndiyo yenye nguvu zaidi. Njoo kliniki tuangalie anavyoshika titi. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na amalize titi moja kabla ya kuhamia la pili.

Majirani wanasema amebemendwa.

Neno hili limeshawachelewesha watoto wengi. Mama anaogopa kuchekwa, baba anashutumiwa, mtoto anafichwa ndani hadi anabaki mifupa. Wanamaanisha kwamba amekonda kwa sababu wazazi wamekutana kimwili akiwa bado ananyonya. Tendo la ndoa halimkondeshi mtoto. Kama umepata mimba nyingine na ukamwachisha ghafla, kilichomkondesha ni kukosa maziwa na chakula, na hilo linatibika. Ukiambiwa akatwe kimeo, kataa pia. Watoto wamevuja damu kwa ajili hiyo.

Nitajuaje kwamba chakula cha nyumbani hakitoshi tena?

Uzito ukisimama au kushuka vipimo viwili mfululizo, achunguzwe: kifua kikuu, VVU, UTI, moyo, upungufu wa damu. Kuanzia miezi 6 tunapima mkono kwa utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, anaanzishiwa matibabu siku hiyo. Miguu yote miwili ikivimba na ukibonyeza kidole shimo linabaki, au akiwa analegea, anatapika kila kitu, hanyonyi, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mbebe uje, hata kama ni usiku.