Argentina 2001: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Mwaka 2001 wa Argentina unakumbukwa kwa picha chache: watu wakigonga masufuria barabarani, foleni nje ya benki, helikopta ikipaa kutoka juu ya ikulu. Picha hizo ni za kweli. Kinachopotea ni mfuatano wa mambo, na mfuatano ukishapotea, matokeo hugeuzwa kuwa sababu. Zifuatazo ni dhana zinazorudiwa sana kila madeni na sarafu zinapojadiliwa, kila moja ikiwekwa mbele ya kalenda.

Dhana: Serikali ilichapisha pesa ovyo, bei zikapaa, nchi ikaanguka

Hii ndiyo inayosemwa zaidi na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Mwaka 2001 bei nchini Argentina zilishuka. Ukilinganisha Desemba 2000 na Desemba 2001, bei za rejareja zilipungua kwa takriban asilimia 1.5. Wanaosema hivyo huchanganya na mwaka 1989, mfumuko wa bei ulipofika asilimia 3,079 kwa mwaka, na Julai peke yake bei zikakaribia kuwa mara tatu ya mwezi uliotangulia.

Dawa ya balaa lile ndiyo iliyokuja kuwa sumu. Machi 1991, katika utawala wa Carlos Menem, Waziri wa Uchumi Domingo Cavallo alipitisha Sheria Na. 23.928: sarafu ya nchi ifungwe kwenye dola, na Benki Kuu isitoe pesa mpya pasipo akiba ya kuidhamini. Tangu Januari 1992 peso moja ikawa dola moja. Mfumuko ulikwisha, lakini serikali ilikuwa imejifunga mikono kwa sheria. Nusu ya pili ya 1998 uchumi ulianza kusinyaa. Januari 1999 Brazil, mteja mkubwa kuliko wote, iliiachia sarafu yake ishuke, na dola nayo ilikuwa inapanda duniani. Bidhaa za Argentina zikawa ghali bila mwenye kiwanda kupandisha bei hata senti.

Nchi nyingine ingeshusha thamani ya sarafu yake. Argentina ilibakiwa na njia ya kukata mishahara. Julai 2001 mishahara ya serikali na pensheni vilipunguzwa kwa asilimia 13, chini ya sheria iliyotaka matumizi yasizidi mapato hata kidogo. Aliyekatwa alinunua kidogo, duka likauza kidogo, kodi ikapungua, na pengo lililobaki likadai makato mengine. Kufikia Oktoba, watu zaidi ya 18 katika kila 100 wa nguvu kazi hawakuwa na ajira.

Dhana: Kila peso iliyokuwa benki ilikuwa na dola yake ghalani

Waargentina wengi wenyewe waliamini hivyo, na ndiyo maana mshtuko ulikuwa mkubwa. Sheria ilidai akiba ya kufunika pesa zilizotolewa na Benki Kuu tu. Haikusema lolote juu ya amana. Mtu akiweka dola 1,000, benki hubakiza sehemu na kukopesha zilizobaki. Mkopaji humlipa fundi, fundi huziweka benki nyingine, nayo hukopesha tena. Vitabuni zinaonekana dola nyingi, ilhali noti ni zilezile. Sehemu kubwa ya amana ilikuwa kwa dola, na waliokopeshwa walilipwa mishahara kwa peso. Juu ya hayo, sehemu ya akiba yenyewe iliruhusiwa kuwa hati fungani za serikali, yaani ahadi za yule yule aliyekuwa anaishiwa.

Mfumo wa namna hii hudumu mradi watu wasije wote kwa pamoja. Mwaka 2001 serikali ilijitahidi kuwatuliza, na kila juhudi iliwatia hofu. Juni, sheria mpya ilitaka baadaye peso ipimwe kwa dola na euro pamoja, na waagizaji na wauzaji nje wakawekewa kiwango chao mbali. Mwenye akiba alisoma jambo moja tu hapo: peso moja kwa dola moja haitabaki peso moja kwa dola moja. Kisha Bunge likapitisha Sheria Na. 25.466 kutangaza kuwa amana haziguswi. Sheria ya kuahidi kutogusa haitungwi pasipo mtu kufikiria kugusa, na wenye pesa walilielewa hilo. Amana zilipungua kwa karibu moja ya tano ndani ya mwaka. Ijumaa ya tarehe 30 Novemba peke yake, zaidi ya dola bilioni moja zilitolewa.

Dhana: Corralito ilitaifisha pesa za watu

Jumamosi ya tarehe 1 Desemba, Cavallo akiwa amerudi kuwa Waziri wa Uchumi, ilitoka Amri Na. 1570 ya kuzuia watu kutoa pesa benki, ndiyo iliyoitwa corralito. Kila mwenye akaunti aliruhusiwa kutoa taslimu peso au dola 250 kwa wiki katika kila benki, na kutuma pesa nje ya nchi kukawekewa vizuizi vikali. Lakini kuandika hundi, kulipa kwa kadi na kuhamisha kutoka akaunti moja hadi nyingine viliendelea kuruhusiwa. Kwenye karatasi hakuna aliyepoteza hata senti siku ile.

Walioumia kwanza ni wasiokuwa na akaunti kabisa. Sehemu kubwa ya uchumi wa vitongojini ilikuwa ya mkono kwa mkono: mfanyakazi wa nyumbani, fundi wa kujenga, mwokota makaratasi, muuza mboga. Mama mwenye nyumba mwenye 250 za wiki nzima alianza na chakula na nauli, na malipo ya aliyemfulia yakasubiri. Duka dogo halikuwa na mashine ya kadi. Noti zilikauka mitaani siku chache kabla ya Krismasi, na hapo ndipo njaa ilipoingia kwenye habari ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya mabenki.

Hasara ya wenye akaunti ilikuja baadaye, Cavallo akiwa hayupo tena. Januari 2002 amana za muda maalumu zilifungiwa na kupangiwa tarehe mpya za kulipwa. Kisha Februari, kwa Amri Na. 214, amana za dola ziligeuzwa kuwa peso kwa 1.40 kwa kila dola, pamoja na nyongeza kulingana na bei, wakati mikopo ya dola ndani ya nchi iligeuzwa kwa peso moja kwa kila dola. Piga hesabu. Aliyeweka dola 10,000 aliandikiwa peso 14,000. Katikati ya mwaka, dola ilipozidi peso 3.50, peso hizo bila nyongeza hazikufika dola 4,000. Aliyekopa dola 10,000 alidaiwa peso 10,000, chini ya dola 2,900. Pengo kati ya pande hizo mbili serikali ililiziba kwa kuzipa benki hati fungani, maana yake walipa kodi ndio walioubeba mzigo. Kesi zilijaa mahakamani, na Mahakama Kuu ilimaliza mvutano huo Desemba 2006 tu.

Dhana: Waliopora na waliogonga masufuria ni umati mmoja

Walikuwa watu tofauti, mahali tofauti, na madai tofauti. Uporaji wa maduka ya vyakula ulianza katikati ya Desemba na kushika kasi tarehe 18 na 19 katika vitongoji vya Buenos Aires, Rosario na miji mingine. Usiku wa tarehe 19 Rais Fernando de la Rúa alitangaza hali ya hatari kupitia televisheni. Hotuba haijapoa, masufuria yakaanza kulia kwenye roshani za mitaa ya tabaka la kati jijini Buenos Aires, na watu wakateremka wakiwa na kaptula na kandambili (Desemba huko ni kiangazi), wakaelekea Plaza de Mayo, uwanja ulio mbele ya ikulu. Cavallo alijiuzulu usiku uleule. Kulikuwa pia na kundi la tatu, wasio na ajira waliozoea kufunga barabara, ambao mtindo wao ulianzia Cutral Có na Plaza Huincul mkoani Neuquén mwaka 1996.

Kwa ujumla walikufa watu 39 nchini kote, kwa hesabu inayotajwa zaidi. Watano waliuawa tarehe 20 katikati ya jiji, polisi walipokuwa wakiwatimua waandamanaji. Wanaoyasimulia masufuria kama sherehe huiruka siku hiyo.

Dhana: De la Rúa alitoroka nchi kwa helikopta

Helikopta ilimpeleka Olivos, makazi ya rais nje kidogo ya jiji. Kesho yake alirudi ikulu na kusaini amri ya kuondoa hali ya hatari. Aliishi Argentina hadi alipofariki mwaka 2019.

Dhana: Nchi ilichagua marais watano ndani ya wiki moja

Zilikuwa karibu wiki mbili, na wawili kati ya hao watano hawakuapishwa kuwa marais. Mzizi wa vurugu hiyo uko Oktoba 2000, Makamu wa Rais Carlos Álvarez alipojiuzulu kwa sababu ya kashfa ya rushwa katika Seneti. Nafasi yake haikujazwa. Kwa hiyo rais alipoondoka hapakuwa na wa kumrithi moja kwa moja, na ikabidi sheria ya pengo la uongozi ifuatwe hatua kwa hatua: kaimu ni spika wa muda wa Seneti, asipokuwepo ni spika wa Baraza la Wawakilishi, kisha mabaraza mawili hukaa pamoja kumteua rais.

Ndivyo ilivyokwenda. De la Rúa alijiuzulu tarehe 20 Desemba, na Ramón Puerta wa Seneti akakaimu. Tarehe 23 mabaraza yalimteua Adolfo Rodríguez Saá, gavana wa San Luis, aitishe uchaguzi Machi. Magavana wa chama chake mwenyewe wakamwacha mkono, naye akajiuzulu tarehe 30. Puerta hakutaka kukaimu mara ya pili, akaachia uspika wa muda wa Seneti, mzigo ukamwangukia Eduardo Camaño wa Baraza la Wawakilishi. Tarehe 1 Januari 2002 mabaraza yalimteua Eduardo Duhalde, mtu aliyeshindwa na De la Rúa katika uchaguzi wa 1999. Katiba ilibonyea lakini haikuvunjika, na wanajeshi walibaki kambini. Kwa nchi yenye historia ya mapinduzi kama Argentina, hilo lilistahili kutajwa zaidi kuliko idadi ya marais.

Dhana: IMF iliwanyima pesa ndipo mambo yakaharibika

Desemba 2000 ulitangazwa mfuko wa msaada wa karibu dola bilioni 40, IMF ikiongoza, na Agosti 2001 shirika hilo likaongeza bilioni 8. Lilipokataa kutoa fungu jingine, tarehe 5 Desemba, corralito ilikuwa na siku nne tayari. Kosa zito la IMF ni kinyume cha linalosemwa: iliendelea kumwaga mikopo kuulinda mfumo wa sarafu uliokwisha kufa. Ofisi yake yenyewe ya tathmini ililikiri hilo mwaka 2004.

Dhana: Hati za mikoa zilikuwa pesa bandia

Patacón ya Mkoa wa Buenos Aires ilikuwa deni halali la mkoa, lenye riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Ilianza kutolewa Agosti 2001 kulipia sehemu ya mishahara ya watumishi, na ilikubalika madukani kwa sababu mkoa uliipokea kulipia kodi. Mikoa mingine nayo ilikuwa na zake, na serikali kuu ikatoa Lecop. Pesa za vilabu vya kubadilishana bidhaa ni jambo lingine kabisa. Hivyo vilianza Bernal mwaka 1995, na mwaka 2002 vilizama kwa pesa zao kughushiwa na kuchapishwa kupita kiasi.

Dhana: Argentina ilikataa madeni yote, ikapona

Tarehe 23 Desemba Rodríguez Saá alitangaza kusimamisha malipo, na wabunge wakasimama kupiga makofi. Kilichosimama ni hati fungani zilizokuwa mikononi mwa wakopeshaji binafsi, wakiwemo wastaafu wengi wa Italia. IMF haikuguswa na tangazo hilo. Ililipwa yote iliyokuwa inadai, karibu dola bilioni 10, mwanzoni mwa 2006. Tena angalia tarehe: mdororo ulikuwa na miaka mitatu na corralito wiki tatu. Miezi sita kabla, serikali ilikuwa imebadilisha hati za karibu dola bilioni 30 ili kusogeza malipo mbele, kwa gharama ya riba ya karibu asilimia 15, bei ya mdaiwa ambaye soko limeshamhesabu kuwa hatalipa.

Kupona hakukuja papo hapo. Mwaka 2002 uchumi ulisinyaa kwa asilimia 10.9, bei zikapanda kwa takriban asilimia 41, na kufikia Oktoba zaidi ya nusu ya watu wa mijini walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Uliporudi kukua, mwaka 2003 na kuendelea, ulisukumwa na peso rahisi, viwanda vilivyokuwa vimelala, mishahara iliyoliwa na bei, na soya iliyokuwa ikipanda soko la dunia.

Na deni halikuyeyuka. Asilimia 76 ya hati zilibadilishwa mwaka 2005 kwa hasara kubwa kwa waliozishika, na baada ya duru ya 2010 zikafika asilimia 93. Waliobaki walienda mahakamani, hata Afrika. Oktoba 2012 meli ya mafunzo ya jeshi la wanamaji, Libertad, ilizuiwa bandarini Tema, Ghana, kwa kesi ya mfuko mmoja wa wawekezaji, ikakaa hadi Desemba, Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ilipoamuru iachiwe. Wadai wakubwa katika kundi hilo walilipwa Aprili 2016, kwa pesa ambazo Argentina ilizikopa upya.