Mkimbizi na jembe

Tumezoea kusikia kwamba mkimbizi akishaonja mgao wa chakula hashiki tena jembe. Si kweli, na ushahidi uko hapa hapa Tanzania. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka pori la miombo, wakapanda mahindi, mihogo na maharage. Ulyankulu tumbaku ikaning'inia kwenye mabani ikikauka. Waliuza mazao, wakalipa kodi. Kufikia 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa serikali, na mwaka 2014 takriban 162,000 kati yao na wazao wao walitangazwa kuwa raia.

Kilichowainua hasa ni ardhi. Lakini Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Anautegemea mgao kwa sababu shamba hana.