Kwa Nini Mtaa wa Arusha Unaitwa Unga Limited?

Mgeni anayesubiri kifodi katikati ya jiji la Arusha, akimsikia konda akinadi "Unga, Unga, Unga!", anaweza kudhani kuna mtu anauza sembe karibu naye. Konda anataja mtaa. Unga Limited ni kata kamili ya Jiji la Arusha, iliyoko kusini mwa katikati ya mji, na jina lake limetokana na Unga Limited, kampuni ya kusaga nafaka iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 1908 na mlowezi Lord Delamere, ambayo ilikuwa na kinu hapa.

Kwa nini kinu kikae upande huo? Reli kutoka Moshi ilifika Arusha mwaka 1929, na tangu hapo shughuli zinazohitaji mizigo mizito zikavutwa kuelekea stesheni, upande wa chini wa mji. Zaidi ya hayo, wakoloni waliugawa mji kwa rangi: Wazungu walikaa uzunguni, kandokando ya mto Themi, Wahindi wakakaa penye maduka yao katikati, na Waafrika wakasukumwa maeneo kama Kaloleni na Ngarenaro. Kibarua wa kinu alihitaji chumba ambacho angeweza kukifikia kwa miguu baada ya zamu, na vyumba vya namna hiyo, vilivyoongezwa kimoja baada ya kingine bila ramani, ndivyo vilivyozaa mtaa tunaoujua leo.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, ambalo kikao chake cha Januari kilifanyika Kaloleni, katika mji huuhuu, Serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya usagishaji, na biashara hiyo ikaangukia mikononi mwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Wakazi hawakubadili jina. Naona walifanya vyema, kwa sababu jina hilo linatunza kumbukumbu ya jasho la waliobeba magunia.

Wapo wanaoutaja mtaa huu kwa dharau, wakitazama msongamano wake tu. Ukipita asubuhi utakuta vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa ubavu, mama ntilie akiepua chapati mlangoni, na kwenye mashine ya kusaga kijana mwenye kope nyeupe kwa vumbi la mahindi akipokea debe la mteja. Wachaga, Wameru, Wairaqw, Warangi na Wapare wamepanga ua mmoja, wakichangia bomba moja na msiba mmoja, na mtu anayeanza maisha mjini bado hupata hapa chumba anachokimudu.

Arusha ina desturi ya kuita mahali kwa kitu kilichoonekana zaidi: Esso ilipata jina kwa kituo cha mafuta, na Philips kwa kampuni ya vifaa vya umeme. Unga Limited imevuka hatua moja zaidi, kwani hata katika orodha za kata za Serikali imeandikwa "Unga Ltd", kwa kifupisho kilekile cha kampuni.