Paka yenye kilema: mbele ya kuipatia mutu, ujue kwanza iko na nini

Ku kiliniki watu wa Lubumbashi wanatuletea paka mu kartoni, ingine ya miguu tatu, ingine kipofu, ingine inatembea sawa mutu mwenye kulewa, na swali karibu kila siku ni moja tu: dokta, tuipige sindano ya kufa ao tuirudishe mu barabara? Sisi tunajibu, ngoja kwanza tuone iko na nini. Kuko kilema yenye imekwisha kazi yake, paka imeshaizoea na itaishi nayo miaka mingi, kuko ugonjwa yenye ingali inaendelea na inaomba dawa, na kuko ile yenye inafanana na kilema kumbe ni hatari kwa watoto wa nyumba. Paka mingi zinarudi inje kisha wiki mbili juu mwenye kutoa hakumuelezea mwenye kupokea hii tofauti, alisema tu "ni kapole, kachukue".

Ya hatari tuiseme mbele. Kichaa cha mbwa iko bado huku kwetu Kongo, inaua watu, na paka nayo inaishika ikilumwa na mbwa. Paka ya inje yenye jana ilikuwa muzima, leo inayumba, sauti imebadilika, mate inatoka, inaluma bila sababu, ile usiishike na mukono na usiibebe mu kitenge hata kama moyo inakuuma, ita watu wa veterineri. Ikikuluma, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15 nzima (ni mingi kuliko vile unafikiri, angalia saa), kisha uende hospitali siku ile ile juu ya vaksini, usingoje kuona kama paka itakufa.

Ile yenye inayumba tangu utoto ni mambo ingine kabisa. Mama yake ilishika tifusi ya paka (ugonjwa ya virusi ya paka, siyo ile tifusi ya watu) wakati wa mimba, ao katoto kenyewe kaliishika siku za kwanza kisha kuzaliwa, na virusi ikaharibu serebelumu, ni kusema ule upande wa nyuma wa ubongo wenye unapanga mwendo. Utaitambua hivi: kanaanza kuyumba pale pale kanaanza kutembea, wiki ya tatu ao ya ine, kichwa inatetemeka zaidi wakati kanakaribia sahani, na kakilala kutetemeka kunaisha. Ndugu zake wa tumbo moja wanaweza kuwa wazima kabisa. Haiambukize, haiumi, haizidi na miaka, na kapaka ka vile kanaweza kuishi umri wa paka zingine zote. Mu kartie watu wanasema ni uchawi, basi munyama inapigwa mawe juu ya virusi yenye mama yake ilishika. Nyumba yenye inaifaa ni ile isiyo na ngazi, na kama chini ni sima yenye inateleza weka mukeka ao kipande ya karpeti, sahani iwe nzito isikimbie, na kisanduku ya muchanga iwe na kuta ndefu ya kuegemea lakini mulango wa chini. Kupanda juu ya ukuta kama zingine, hapana, na barabara ya gudroni ndiyo hapana kabisa. Na kama unataka kuzuia hii kitu, chanja paka mbele haijapata mimba, siyo wakati iko na mimba, juu vaksini yenye virusi hai inaweza kuleta shida ile ile kwa tutoto. Fasi yenye ilikuwa na paka ya tifusi, virusi inaweza kukaa pale mpaka mwaka muzima: osha na javeli, sehemu 1 kwa maji 32, iache dakika 10.

Kipofu sasa. Sababu ya kwanza tunayoona ni tutoto twenye mafua ya paka, macho inajaa usaha, inafungamana, watu wanangoja "itaisha yenyewe" na jicho inapasuka. Maji ya vuguvugu na kitambaa safi, kisha pomade ya veterineri, haiko mambo ya bei kali. Ikishaharibika tunaitoa, na paka bila jicho inasikia maumivu kidogo kuliko paka yenye jicho bovu.

Sababu ya pili iko mu sahani. Paka haiko mbuzi! Inahitaji taurini, kitu ya chakula yenye macho na moyo wake zinaomba, na taurini iko mu nyama na mu samaki, haiko mu bukari (ugali). Ukiipa bukari na supu miezi na miezi, retina, ule upande wa ndani ya jicho wenye unaona, inakufa kidogo kidogo na moyo nao unalegea, na kile macho imepoteza hakirudi. Chakula ya mbwa ya duka nayo haitoshe. Ndagala ya kupika, roho ya kuku, vipande vya nyama vyenye watu wanatupa ku soko, vile vinasaidia, lakini samaki mubichi kila siku hapana juu inaharibu vitamini B1. Paka kipofu inajua nyumba na ndevu zake na pua yake, basi usihamishe viti kila wiki, na sahani ikae fasi yake.

Paka nyeupe ya macho ya buluu, piga makofi nyuma yake mbele ya kuichukua. Zenye macho mbili ya buluu, 65 mpaka 85 kwa 100 hazisikii. Ya jicho moja buluu, karibu 40 kwa 100. Kwa ile shida yetu inakuwa lupango, ni kusema kiwanja ya nyumba: usiku watu wanafungua mbwa za kulinda, na paka yenye haisikii haijue kama mbwa iko nyuma yake. Ikae mu nyumba usiku, na kuiita piga muguu chini, itasikia kutetemeka.

Yenye gari ilivunja mugongo, hapo tunakuwa wakali. Kuko zenye haziwezi kukojoa zenyewe, lazima mutu akamue kibofu na mukono mara 2 ao 3 kila siku, milele, na kuosha ngozi juu mukojo unaichoma. Nyumba yenye wote wanatoka asubuhi na kurudi jioni haiwezi. Na kama paka inateseka bila matumaini, sindano ya veterineri haiko ukatili, ukatili ni kuiacha mu mufereji. Ya miguu tatu, kinyume, karibu kila nyumba inaiweza, ichunge tu isinenepe.

Na "sida ya paka", virusi yenye ilijulikana mwaka 1986 kule California, haiambukize mutu. Inapita zaidi kwa kulumana, basi funga kizazi, weka ndani, itaishi.

Mwenye kupokea tunamuomba mambo mawili matatu bila haya. Parasetamole, kidonge kimoja cha 500 kinaweza kuua paka, usiipe juu ya homa. Krezili ya kuoshea chini na dawa ya wadudu yenye permetrini nazo zinaitesa sana, na paka yenye haione ao yenye inayumba inaanguka ndani na inajilamba. Mama mwenye mimba asiguse muchanga wa choo, mwengine autoe kila siku, juu vijidudu vya toksoplasma, vyenye vinatoka mu mavi ya paka na vinaweza kuumiza mutoto mu tumbo, vinahitaji siku 1 mpaka 5 mu mavi mbele ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Kama kuko paka zingine, hii mupya ikae chumba chake wiki mbili.

Kisha tunaitoa kwa majaribio ya wiki mbili, hatutoe siku ile ile mutu anapita, na hatumupatie mutu juu tu ya kulia kwake. Kama kisha zile wiki mbili haiwezekane, hakuna mwenye atakugombeza, uirudishe kwetu mu kartoni yenye matundu pamoja na karatasi yake ya vaksini, na utuambie ilikula nini.