Prednisoloni na tezi zilizo juu ya figo: maswali ninayoulizwa Mwanza

Dada mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliletwa wodini kwetu akiwa hajiwezi. Alikuwa ametapika siku mbili, presha imeshuka, akisimamishwa miguu haimbebi. Malaria ilipimwa haikuonekana, taifodi hali kadhalika. Mdogo wake ndiye aliyetutoa gizani: alifungua kipochi akatoa bahasha za duka la dawa, zote tupu, zimeandikwa prednisoloni. Dada alikuwa akizimeza kwa ajili ya pumu karibu mwaka mzima, akijinunulia mwenyewe bila kurudi kliniki. Biashara ilipoyumba akaona heri apumzike dawa kidogo. Siku chache baadaye akaanguka. Alichomwa haidrokotisoni, dawa ndugu ya prednisoloni, miligramu 100 kwenye mshipa, akawekewa dripu ya maji ya chumvi, na jioni ile ile alikuwa amekaa kitandani anaomba uji.

Mimi ni muuguzi. Tangu siku hiyo, kila nikipata mtu wa kunisikiliza naeleza hatari ya kuacha prednisoloni ghafla, na watu huniuliza maswali. Haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

Hizo tezi ndizo zipi, na zinafanya kazi gani?

Ni tezi mbili ndogo, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia. Kila moja ina uzito wa gramu 4 hadi 5 hivi. Sehemu ya ndani hutoa adrenalini, ile inayokufanya moyo uende mbio bodaboda inapokukosakosa Buzuruga. Sehemu ya nje hutoa homoni kadhaa, na mbili kati yake ndizo za kuzijua. Aldosteroni huzuia chumvi isipotee kwenye mkojo, hivyo presha haishuki. Kotisoli ndiyo inayokuwezesha kustahimili: mwili ukipata homa, ajali, upasuaji au njaa, kotisoli hupanda ili sukari ya damu isiishe na mishipa isilegee. Pia hutuliza kinga ya mwili isivuke mpaka.

Kotisoli ina saa zake. Hupanda alfajiri kabla hujaamka, hushuka jioni, na usiku wa manane huwa chini kabisa. Ndiyo maana wengi huambiwa wameze prednisoloni asubuhi pamoja na chakula. Ukiimeza usiku, usingizi unaweza kukupaa.

Mimi navua dagaa, kazi yangu ni usiku. Nimeze saa ngapi?

Kwa kawaida ni pale unapoamka, ukishatia kitu tumboni. Mweleze daktari kwamba unafanya kazi usiku, maana asipojua atakuandikia "asubuhi", na asubuhi yako ndiyo saa ya kulala.

Prednisoloni ina uhusiano gani na tezi hizo?

Ni ndugu wa kotisoli, imetengenezwa kiwandani. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, daktari Philip Hench alimchoma sindano za kotisoni, homoni ya jamii ya kotisoli, mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Ndani ya siku chache akaanza kutembea. Mwaka 1950 Hench alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeusz Reichstein, waliochunguza homoni za tezi hizi. Tangu hapo familia ya dawa hizi, ziitwazo steroidi, imekua: haidrokotisoni, prednisoloni, deksamethasoni. Zinatumika kwa pumu, lupasi (kinga kuushambulia mwili wake yenyewe), mzio mkali, magonjwa ya figo yanayovujisha protini, baadhi ya saratani. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni miligramu 6 kwa siku iliokoa wagonjwa wa UVIKO waliokuwa wakihitaji oksijeni.

Hesabu moja tu naomba uibebe. Kidonge cha prednisoloni cha miligramu 5 kina nguvu inayokaribia haidrokotisoni miligramu 20, kiasi kinachotosha mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima. Anayemeza miligramu 40 anauingizia mwili kama mara nane ya hicho. Si dawa ya kuchezea, lakini pia si sumu kama majirani wanavyokutisha.

Ndizo zile za wanaotunisha misuli gym?

Hapana. Zile ni za jamii ya homoni ya kiume. Jina la steroidi linafanana, kazi ni tofauti kabisa. Prednisoloni ikitumika muda mrefu huidhoofisha misuli, hasa ya mapaja, hata kuinuka kwenye kigoda kukawa shida.

Kama nimepona, kwa nini nisiache?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike. Fikiria nyumba ambayo jirani huleta chakula kilichopikwa asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi. Jikoni kwako kuni zitanyeshewa, majivu yatapoa, hata kiberiti hutajua kilipo. Siku jirani akisafiri bila kuaga, mnalala njaa, ingawa jiko lipo.

Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari. Kazi yake mojawapo ni kupima kotisoli iliyomo kwenye damu na kutuma homoni ya kuziamsha tezi za juu ya figo pale inapopungua. Ukimeza prednisoloni, pituitari inaona homoni imejaa, inanyamaza. Tezi zisipoamshwa kwa wiki nyingi zinasinyaa. Hazijafa, ila kuamka kwake ni kwa polepole. Kwa wengine huchukua wiki, kwa wengine miezi, na wapo wanaofikisha mwaka.

Kwa hiyo aliyetumia dawa hizi kwa zaidi ya wiki tatu au nne haachi kwa siku moja. Daktari hupunguza dozi hatua kwa hatua. Mwanzoni anaweza kushuka haraka, lakini ukikaribia miligramu 5 mwendo huwa wa kinyonga, kwa sababu hapo ndipo tezi zinapotakiwa kuanza kujitegemea. Maumivu ya viungo na uchovu wakati wa kupunguza huwapata wengi. Rudi uwaeleze, usijiongezee wala usikatishe.

Dalili za kukimbilia hospitali ni hizi: kulegea kupita kiasi, kizunguzungu ukisimama, kutapika, tumbo kuuma, kuchanganyikiwa. Huku kwetu dalili hizo zote husomwa kama malaria, na dawa ya malaria peke yake haitamwokoa mtu ambaye kotisoli imemwishia. Ukifika mapokezi, neno lako la kwanza liwe: "Nilikuwa natumia steroidi."

Mtoto alipewa ya siku tano kwa pumu. Naye apunguziwe?

Kwa kawaida hapana, akimaliza siku tano ameacha. Tatizo ni pale "siku tano" zinaporudiwa kila mwezi. Zihesabu, umwambie daktari. Mtoto kama huyo huenda anahitaji dawa ya kuvuta kila siku ya kuzuia pumu, na urefu wake uwe unapimwa, maana steroidi nyingi huchelewesha kukua.

Baba anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, sasa tumeambiwa kuhusu kupandikizwa figo. Tezi zake nazo zitatolewa? Na kwa nini ameze steroidi baadaye?

Tezi zake hazitaguswa. Wengi hudhani figo mpya huwekwa mahali pa ile ya zamani, lakini huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, na mara nyingi figo za zamani huachwa zilipo. Ndugu anayechangia naye hutoa figo tu. Tezi ya juu yake madaktari huitenganisha na kumwachia.

Kuhusu dawa: mwili haujui kwamba hiyo figo ni zawadi ya mdogo wake. Unaona mgeni, unatuma askari. Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa kwa muda mrefu ulifanywa na Joseph Murray huko Boston mwezi Desemba 1954, na ulifanikiwa kwa sababu mchangiaji na mgonjwa walikuwa mapacha wa kufanana. Kwa watu wasio mapacha wa aina hiyo, figo ziliendelea kukataliwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, madaktari walipounganisha azathioprini, dawa ya kutuliza kinga, na prednisoni, steroidi inayofanana na prednisoloni. Kwa mara ya kwanza watu wa kawaida wakaanza kuishi na figo za ndugu zao. Dawa nyingine za kutuliza kinga zikafuata: siklosporini miaka ya 1980, kisha takrolimasi na mikofenoleti, na dozi za steroidi zikashuka sana.

Leo mgonjwa huchomwa methilprednisoloni, steroidi nyingine, kwa wingi siku ya upasuaji, kisha hupewa vidonge vinavyopunguzwa kwa wiki na miezi, na wengi huishia kwenye miligramu 5 hivi kwa siku pamoja na dawa nyingine mbili. Mwili ukianza kuikataa figo, sindano za methilprednisoloni kwa siku tatu ndizo huwa silaha ya kwanza. Vipo vituo vinavyowaondoa baadhi ya wagonjwa kwenye steroidi mapema, lakini huo ni uamuzi wa daktari wake.

Upandikizaji si wa kufuata ughaibuni tu. Muhimbili walifanya wa kwanza hapa nchini Novemba 2017, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunasafiri kwenda upasuaji, halafu tunarudi nyumbani na dawa za maisha. Kinachoniuma ni huko nyumbani: mgonjwa anajisikia mzima, anakojoa vizuri, mtu anamwambia "dawa zote hizo za nini?", na dozi zinaanza kurukwa. Figo inayokataliwa inaweza isiume hata kidogo. Vipimo vya damu ndivyo vinavyoiona kwanza.

Baba asile balungi. Linapandisha takrolimasi na siklosporini kwenye damu hadi zikawa sumu. Mitishamba pia asianze bila kuwauliza madaktari wake.

Je, steroidi huamsha kifua kikuu?

Zinaweza. Bakteria wa TB waweza kulala kifuani miaka mingi wakilindwa na kinga. Kinga ikitulizwa, wanaamka. Kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni au kupungua uzito, usisubiri. Na ukianzishiwa dawa za TB ukiwa kwenye prednisoloni au takrolimasi, sema mapema: rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huzimaliza haraka mwilini, na dozi lazima zipangwe upya.

TB yenyewe pia hushambulia tezi hizi. Thomas Addison wa London aliueleza ugonjwa wa tezi kufa mwaka 1855, na wengi aliowaona walikuwa na kifua kikuu. Mgonjwa hudhoofika, hutamani chumvi, na huwa mweusi zaidi kwenye ufizi, mistari ya viganja na makovu. Kwenye ngozi zetu usitazame uso, tazama mdomoni.

Wapo pia minyoo. Sizungumzii kichocho cha ziwani, bali strongiloidi, mnyoo mdogo anayeingia kupitia nyayo na kukaa tumboni miongo mingi akizaliana. Mtu akipewa steroidi nyingi, mnyoo huyu anaweza kusambaa mwili mzima na kuua. Kama umelima au kutembea peku miaka mingi, mkumbushe daktari. Kuna dawa ya ivamektini.

Na vidonge vya kunenepa? Na mkorogo?

Baadhi ya vidonge vya kunenepa ni deksamethasoni. Unachokiona usoni si afya, ni maji na mafuta. Uso unajaa kama mwezi, huku sukari na presha zinapanda na mifupa inapungua nguvu. Krimu nyingi za kujichubua zina klobetasoli au betamethasoni, nazo ni steroidi. Ngozi inakuwa nyembamba, inachanika michirizi, na ukipaka mwili mzima kila siku dawa huingia damuni na kuzilaza tezi kama umemeza kidonge. Mabinti wengi wanaobeba hili wameuziwa bila kuambiwa. Siwalaumu. Lakini hata wao wasiache ghafla bila kuonana na daktari.

Niko Ukerewe. Dawa zikiniishia na meli imeondoka?

Usisubiri kidonge cha mwisho. Zikibaki za wiki mbili, anza safari ya kuzifuata. Gawa akiba yako sehemu mbili, moja nyumbani na nyingine mkobani, isije ikazama yote na mtumbwi. Andika kwenye karatasi jina la dawa, dozi na ugonjwa wako, uifunge kwenye plastiki pamoja na kadi ya bima. Muulize daktari mapema dozi ya kuongeza siku ukipata homa. Ukitapika kidonge, meza kingine. Ukitapika na hicho, hospitali ya Nansio iko karibu kuliko Mwanza, nenda hapo ukaombe sindano ya haidrokotisoni, na karatasi yako uwe umeishika mkononi.