Neva mbili zinazojua pumzi imekwama wapi

Mtu aliyelala ukimtazama kifua tu, unaweza kudanganyika. Koo likiziba, kifua na tumbo huendelea kuhangaika huku hewa haipiti. Kwa miaka yote niliyofanya uhandisi wa vifaa vya kupandikizwa mwilini, nimezidi kuamini kwamba pumzi isikilizwe kwenye neva zenyewe.

Ziko mbili. Neva ya freniki hutoka shingoni na kupeleka amri kwenye kiwambo, ule msuli mpana uliotenganisha kifua na tumbo. Neva ya vagasi hurudisha majibu: kadiri mapafu yanavyojaa, ndivyo vipokezi vilivyomo kwenye njia za hewa vinavyozidi kutuma mipigo ya umeme ubongoni. Wanasayansi Hering na Breuer walieleza tangu 1868 jinsi mapafu yakitanuka yanavyouzima uvutaji wa hewa kupitia vagasi. Mwaka 1933 mwanasayansi Adrian alichapisha rekodi za mipigo hiyo.

Sasa ziweke sambamba. Amri imetoka lakini majibu hayaji: njia ya hewa imeziba. Amri yenyewe haikutoka: ubongo haujaagiza. Kwa nje yote mawili ni pumzi iliyokatika, ila tiba zake ni tofauti kabisa.

Shida ni kuzisikia. Elektrodi, yaani kipande cha kunasa umeme, kinachovishwa neva kama bangili, hunasa maikrovolti (sehemu za milioni za volti) chache tu, na umeme wa moyo huzifunika. Kwa hiyo tunaweka pete tatu, kisha tunalinganisha ya kati na wastani wa zile mbili za pembeni. Umeme wa moyo, kwa kuwa unatoka mbali, huzifikia pete zote karibu sawa, hivyo sehemu yake kubwa hujifuta. Mpigo wa neva husafiri pete hadi pete, kwa hiyo unabaki. Hata baada ya kuchuja, kwenye skrini utaona vurugu tu. Geuza kila kilicho chini ya sifuri kiwe juu, chukua wastani wa vipande vifupi vya muda, na vilima vinajitokeza, kimoja kwa kila pumzi; kwa mtu mzima aliyetulia, 12 hadi 20 kwa dakika. Sijawahi kuchoka kuliona hilo.

Vifaa vya kuchochea vagasi viliidhinishwa Marekani kwa kifafa mwaka 1997, na kwa baadhi ya wagonjwa huvuruga upumuaji usingizini. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kifaa kinachochochea neva kijifunze pia kuisikiliza, na kipunguze nguvu pumzi ikiyumba. Kitalazimika kusikiliza katikati ya mchocheo mmoja na mwingine, kwa sababu mchocheo wenyewe hukizibisha kikuza mawimbi. Tena kovu huota kuizunguka elektrodi na kubadilisha mawimbi kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo kiwango kilichopimwa siku ya upasuaji hakifai kutegemewa daima. Kifaa kijipime upya kila usiku.