Sauti iliyoiva: spika za nyumbani kwa mfuko wa kati

“Fundi mwanangu, nataka spika zitakazonirudishia ile sauti ya redio ya marehemu baba.” Nahodha aliniambia hivyo akiwa ameketi barazani hapa mtaa wa Langoni, Lamu, bakora imelala magotini. Bahari ameiacha, siku hizi shughuli yake ni taarabu za zamani baada ya sala ya alasiri. Seti aliyokuwa nayo, ile ya taa za rangi na wufa, yaani spika ya besi, kubwa kama kasha, inamtikisia jirani vyombo kabatini, na mwimbaji mwenyewe anasikika kama yumo ndani ya mtungi.

Wanaoandika kuhusu vifaa vya muziki huko Ulaya huiita hiyo anayoitafuta nahodha sauti yenye joto. Sisi Lamu joto tunalo, na kaskazi ikishika hatuombi la ziada. Mimi huiita sauti iliyoiva.

Wengi hudhani kuiva ni besi nyingi. Sivyo. Mtikisiko wa wufa uko chini, hezi 80 (yaani mitetemo 80 kwa sekunde) kushuka. Utamu ninaousema unakaa juu yake kidogo, kati ya hezi 100 na 300 hivi, pale penye kifua cha mtu. Mwanamume akizungumza, msingi wa sauti yake huwa kati ya hezi 85 na 180. Wa mwanamke, 165 hadi 255. Spika iliyokonda hapo hainenepeshwi na wufa. Huku juu nako, penye fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, spika iliyoiva hulegeza mkono kidogo, ile “s” ya mwimbaji isigeuke mluzi.

Kwa hiyo dukani usijaribu spika kwa wimbo wa besi. Wimbo wa besi husifu kila spika. Mimi huanza na mtangazaji anayesoma habari, kisha naweka muziki wa udi, ile ala ya nyuzi, peke yake. Sikiliza risha inapogusa uzi: kwanza kidoko, halafu tumbo la mbao linajibu. Ukisikia kidoko tu, spika ni mbichi. Ukisikia tumbo tu, kidoko kimemezwa, basi imeiva mpaka imevunda, na wiki mbili tu utaichoka.

Nahodha alitaka spika kamili, yaani jozi moja ibebe muziki wote bila wufa ya pembeni. Sikio la kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000, lakini usilipie hizo za chini kabisa. Uzi mnene wa gitaa la besi ni hezi 41. Jozi inayoshuka vizuri mpaka 50 yatosha kwa taarabu, na kwa mengi mengineyo.

Sasa chumba, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana kumbi ni ndefu na nyembamba. Ukumbi wa nahodha niliupima: upana mita 2.7. Kwa joto letu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Gawanya kwa upana huo mara mbili, unapata karibu hezi 65. Noti hiyo ikigonga ukuta hurudi, hugonga wa pili, hurudi tena, na chumba kizima kinavuma. Ukileta humo spika ndefu za kusimama sakafuni, zenye karatasi (ile sahani ya mbele inayotikisika) mbili kubwa na tundu la kupumulia mgongoni, umenunua mvumo. Nilimshauri achukue za karatasi ya inchi sita na nusu, tundu liwe mbele au lisiwepo kabisa, zikae juu ya stendi, na kati yake na ukuta ibaki nafasi ya mkono mmoja. Tafadhali, usizitie kwenye zidaka. Najua zinapendeza. Zidaka ni za vyombo vya kaure.

Kuta za chokaa nazo huzirudisha sauti nyembamba zote bila huruma. Hata spika iliyoiva ikiwekwa kwenye chumba kitupu italia kama sufuria. Mkeka ni mwembamba mno kwa kazi hiyo. Linatakiwa zulia nene, mapazia mazito, na makochi ya kitambaa.

Kuhusu wati sitasema mengi. Ukiona boksi limeandikwa wati 10,000, kumbuka plagi yako ni ya ampea 13 kwa volti 240: jumla wati 3,120, hapo fyuzi iko ukingoni. Tazama desibeli badala yake, yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa wati moja. Spika ya desibeli 90 hufika kwa wati 10 pale ambapo ya 84 inadai 40. Kwa amplifaya ya kawaida, tafuta 87 kwenda juu, na omu 8, kipimo cha ukinzani wa umeme.

Halafu kuna adui ambaye maduka ya mjini hayamjui: upepo wa chumvi. Mwaka juzi niliuziwa jozi iliyotumika, mbao zake zinang’aa. Kufika nyumbani nikagusa ukingo wa karatasi, ukamomonyoka kidoleni kama mkate wa mofa wa juzi. Ulikuwa wa sponji, na sponji hailiwezi unyevu wetu. Bonyeza ukingo kabla ya kulipa. Uwe wa mpira, laini, usionata. Angalia na skrubu za waya nyuma: zikiwa za kijani, chumvi ishaingia.

Mfuko wa kati nauhesabu kuanzia shilingi 60,000 hadi 120,000, na theluthi mbili ziende kwenye spika. Mimi hupenda za Wharfedale, kampuni aliyoianzisha Gilbert Briggs huko Uingereza mwaka 1932. Jozi zao ndogo za Diamond zina ule mwili ninaoutaka, ingawa anayependa kila uzi wa kanuni umetamete ataziona zimelala.

Za nahodha zilishuka Mokowe, gatini upande wa bara, zikavuka kwa boti, zikapanda kichochoroni juu ya punda. Tulipoweka udi hakusema kitu, aliiegemeza tu bakora ukutani. Zulia alilitoa chumbani kwa mkewe. Nasikia hilo bado wanalizungumza.